Salamu za Ng'ambo ya Bonde

Kila asubuhi Yusta aliamka na kukuta Babu Kornelio ameshaondoka. Juu ya meza palikuwa na kikombe cha babu, kimeoshwa na kufunikwa, na kando ya majivu ya moto palikuwa na sufuria ya viazi alivyomwachia. Babu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kabichi na karoti, na tangu mkewe alipofariki alizungumza zaidi na mimea yake kuliko alivyozungumza na watu.

Yusta alifagia uwanja, akachota maji, akala viazi peke yake, akavaa sare za shule. Mara nyingi ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka bondeni. Ulimeza njia kwanza, kisha nyumba za majirani, kisha hata mti wa peasi uliokuwa hatua kumi tu kutoka mlangoni. Ndipo Yusta alipoona kana kwamba amebaki mtu mmoja duniani.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alifariki zamani. Mama yake alikuwa amepata kazi ya kupika katika hosteli ya wanafunzi jijini Dar es Salaam, kazi ya kulala hukohuko, ambako mtoto haruhusiwi. Kwa hiyo mwezi wa pili alimleta Yusta kwa babu yake, katika kijiji kilicho juu ya mgongo wa mlima, si mbali na Mtae. Alikaa siku mbili, akalia siku ya tatu, akapanda basi.

"Nitakuja siku ya kipaimara chako," mama alimwahidi. "Nitakushonea gauni jeupe, nitakuja nalo mwenyewe. Likizo nyingine siwezi kupata, lakini hiyo nitaipigania."

Yusta aliishi kwa ahadi hiyo. Kipaimara kilipangwa kuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, na kila jioni alihesabu wiki zilizobaki.

Shuleni hakuwa na rafiki wa kweli. Wenzake walipotaka kucheka vizuri walicheka kwa Kishambaa, naye alibaki akitabasamu bila kujua kilichochekesha. Tena hakuzoea miteremko. Siku moja ya mvua aliteleza mbele ya wenzake wote, akashuka kwa makalio hadi kwenye shamba la maharage.

"Mpisheni Dasalama, anashuka kwa lifti!" alipiga kelele Alen, mvulana aliyependa kumtania kila mtu.

Watoto walicheka mpaka wakashikana mabega. Shukrani, msichana aliyekaa dawati la nyuma yake, hakucheka sana. Alimwokotea daftari lake, akalifuta tope, akampa. Lakini Yusta aliona haya hata kusema asante, akaondoka haraka.

Jumamosi walikwenda kanisani kwa mafundisho ya kipaimara. Mwalimu wao alikuwa Mwinjilisti Timotheo, mwanamume mrefu mwenye koti moja la kijivu na viatu vilivyojaa viraka. Mwezi wa tisa alisimama mbele yao, akauliza swali alilopenda kuuliza.

"Mungu amekuumba kwa kusudi gani?"

"Nimpende yeye, na nimtumikie kwa kuwatumikia jirani zangu!" darasa zima lilijibu kwa sauti moja.

"Mnaimba kama kasuku," alisema mwinjilisti, nao wakacheka. "Sasa tuone kama na miguu yenu inalijua jibu hilo. Kuanzia Jumatatu, kila mmoja atakuwa na jirani yake wa kumhudumia, mzee au mgonjwa. Mara tatu kwa wiki. Mchotee maji, mtafutie kuni, keti naye. Kila siku unayokwenda, andika katika daftari tarehe na ulichofanya. Sitakwenda kuwauliza wazee kama mmefika. Daftari hilo mkaguzi wake ni Mungu."

Wenzake walipewa bibi zao, shangazi zao, majirani waliowazoea tangu utotoni. Yusta akabaki wa mwisho.

"Wewe Yusta, utakwenda kwa Bibi Mwanaidi, ng'ambo ya bonde," alisema mwinjilisti. "Wanawe wako Tanga, na nyumba yake iko peke yake kwenye bega la mlima."

"Lakini Bibi Mwanaidi ni Mwislamu," alisema Alen.

"Nimesema jirani, Alen. Sikusema msharika."

Baada ya mafundisho Yusta alichelewa kutoka kwa makusudi. Wenzake walipokwisha ondoka, alimwuliza mwinjilisti jambo lililokuwa likimsumbua tangu mwezi wa pili.

"Mwinjilisti, inawezekana Mungu akamweka mtu mahali ambapo hana kazi yoyote? Yaani yupo tu, na asingekuwepo pasingepungua kitu?"

"Nenda ng'ambo kwanza," alisema kwa upole. "Kisha njoo uniulize tena."

Wiki mbili za kwanza Yusta alikwenda kweli. Mtu akisimama nyuma ya nyumba ya Babu Kornelio aliiona nyumba ya Bibi Mwanaidi mbele yake, karibu kama angeweza kuirushia jiwe. Lakini kuiona ni jambo moja na kuifikia ni jambo jingine. Ilibidi kushuka mteremko mkali hadi mtoni, kuvuka kwa mawe, kisha kupanda upande wa pili kwa dakika arobaini na zaidi. Alifika akihema, magoti yakitetemeka.

Bibi Mwanaidi alikuwa mwembamba, mwenye macho makali na maneno machache. Alimsikiliza Yusta akisalimia, "Shikamoo, Bibi," akajibu, "Marahaba," kisha akachungulia ndoo.

"Hii umeijaza nusu. Nusu nyingine umemwachia nani?"

Au alisema jambo kwa Kishambaa, kisha akatikisa kichwa kwa sababu mtoto hakulielewa. Siku moja tu alionekana kufurahi. Alimwonyesha Yusta kuku wake mweusi aliyekuwa akiatamia mayai ndani ya kikapu kibovu. "Huyu ndiye mwenzangu," alisema. Yusta alirudi nyumbani akiwaza kwamba kumbe hata Bibi Mwanaidi alikuwa na mwenzake, ingawa ni kuku.

Kisha ikaja Jumatatu ya mvua. Njia iligeuka sabuni. Yusta alisimama nyuma ya nyumba akiwa na kanga kichwani, akatazama ng'ambo, akakata tamaa. Wakati huohuo alimsikia mama mmoja wa jirani akiita kutoka mteremkoni:

"Baba Faraji-ee! Mbuzi wako yumo kwenye maharage yangu, anakula kama mgeni wa harusi!"

Na kutoka upande wa pili wa bonde mwanamume akajibu, "Mwambie mwenye mbuzi anakuja kumfuata!"

Ndivyo watu wa milima ile walivyozungumza. Asubuhi, upepo ukiwa umetulia, sauti ilivuka bonde kwa urahisi, na mtu aliweza kumjulia hali jirani wa ng'ambo bila kuhama mlangoni pake. Yusta alikusanya mikono mdomoni.

"Bibi Mwanaidi-ee! Onga maundo!"

Hiyo ilikuwa salamu ya asubuhi ya Kishambaa, moja ya chache alizozijua. Kimya kidogo kilipita. Kisha ikaja sauti nyembamba lakini iliyo wazi:

"Niwedi!"

Yaani, mimi ni mzima. Yusta alicheka kwa nafuu. Basi Bibi ni mzima! Jioni alifungua daftari, akaandika tarehe, akaandika: *Nimemjulia hali Bibi. Hajambo.* Akajiambia kwamba hakuwa amesema uongo.

Jumatano mvua ilikuwa imekatika, lakini aliita tena. Ijumaa vilevile. Wiki iliyofuata daftari lilianza kuandika mambo zaidi ya yale aliyoyafanya: *Nimemjulia hali Bibi na kumchotea maji. Nimemfagilia uwanja.* Mkono uliandika upesi, kana kwamba si wake. Kila mara Bibi alijibu neno lilelile, "Niwedi!" na kila mara Yusta alishuka njia ya shule akiwa mwepesi miguuni na mzito mahali fulani asipopajua.

Wiki tano zilipita hivyo.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, Mwinjilisti Timotheo alikusanya madaftari. Wengine walikuwa wameruka siku nyingi. Daftari la Alen lilikuwa na mistari tisa na doa la mafuta. Mwinjilisti alipofika kwenye la Yusta alilifungua polepole, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hakuna siku hata moja iliyokosekana," alisema. "Na ndiye mwenye njia ndefu kuliko ninyi nyote. Mmeona?"

Darasa likageuka kumtazama. Kwa mara ya kwanza tangu afike kijijini, walimtazama kwa heshima.

"Kwani kuku wa Bibi Mwanaidi ametotoa?" mwinjilisti aliuliza akitabasamu. "Nilipopita mara ya mwisho alikuwa anaatamia, na Bibi hakuwa na habari nyingine."

Yusta alitazama daftari lake mkononi mwa mwinjilisti. Watu wote walikuwa wakimsubiri.

"Ametotoa," alisema. "Vifaranga saba."

"Saba! Mungu ni mwema. Kesho baada ya matangazo nitakuomba usimame uwaeleze washarika jinsi unavyomhudumia Bibi. Watu wazima nao wajifunze."

Shukrani alimgusa begani. "Saba? Nitakuja kuviona," alinong'ona.

Mchana huo Yusta alishuka bondeni mbio. Tukisema alikwenda kwa upendo tutakuwa tumedanganya. Alikwenda kuhesabu vifaranga. Ikiwa ni vitano au tisa, alitaka kujua mapema namna ya kurekebisha maneno yake kabla ya kesho.

Alipofika uwanjani aliona majani yameota hadi kizingitini. Kikapu kilikuwa kando ya ukuta, kimepinduka. Ndani yake hapakuwa na kuku wala kifaranga. Yalikuwamo maganda mawili na manyoya machache meusi yaliyolowa mvua.

"Hodi, Bibi?"

Hakuna aliyejibu. Aliusukuma mlango. Ndani palikuwa na giza na harufu ya majivu ya siku nyingi. Bibi Mwanaidi alikuwa amelala juu ya mkeka karibu kabisa na mlango, si kitandani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kutoka kwenye kifundo hadi gotini, na umefungwa kipande cha kitenge kilichokuwa kimekauka pamoja na usaha. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Yusta aligusa mkono wake, ukamwunguza kwa joto.

"Bibi! Bibi, nini?"

Mzee alifumbua macho. "Ni wewe," alisema. "Leo umekuja na miguu."

Yusta alipiga magoti. Kidumu cha maji kilichokuwa karibu na mkeka kilikuwa na maji kama nusu kikombe. Alimnywesha hayo. Kisha akachukua kidumu, akakimbia kwenye chemchemi, akarudi, akamnywesha tena. Alikusanya vijiti vilivyokauka chini ya ukingo wa paa, akawasha moto, akateleka maji. Kiberiti kilimponyoka mara mbili.

"Niliteleza chemchemini," alisema Bibi baada ya kupata nguvu kidogo. "Jiwe likanichana. Siku ya kumi na moja leo. Jirani wa chini aliniletea muhogo wa kuchemsha akapita, nikamwambia sijambo. Wiki hii sikuweza kusimama tena."

"Lakini Jumatano nilikuita! Na jana nilikuita, Bibi! Ukaniambia niwedi!"

Bibi Mwanaidi alimtazama, na kwa mara ya kwanza macho yale hayakuwa makali.

"Mjukuu wangu, salamu ya ng'ambo inasikika nyumba arobaini. Ulitaka mwanamke mzee kama mimi atangazie bonde zima kwamba sina maji, sina moto, na mguu unanuka? Mtu akikusalimia toka mbali, unamjibu niwedi. Shida haipigiwi kelele. Shida anaambiwa yule aliyeingia ndani akaketi."

Yusta alielewa kwa nini mkeka ulikuwa mlangoni. Kila asubuhi mzee yule alijikokota mpaka pale ili tu aweze kujibu salamu yake.

Alilia. Bibi alimwacha alie kidogo, kisha akasema, "Basi. Machozi hayaponyi mguu. Tafuta watu. Lakini usisimame hapo ukapiga kelele. Nenda ukaseme kwa mdomo wako."

Yusta alikuwa hajawahi kupiga hodi katika nyumba yoyote ya kijiji kile. Aliogopa Kishambaa chake kibovu, aliogopa kuchekwa. Alikimbia hadi nyumba ya kwanza, ya Mama Salama, jirani wa chini aliyeleta muhogo.

"Shikamoo, mama. Bibi Mwanaidi anaumwa sana. Hawezi kusimama."

Mama Salama aliacha mchele aliokuwa akiuchagua. "Anaumwa? Lakini wewe si ndiye mtoto wa kanisani? Kila asubuhi tunakusikia unamsalimu na yeye anajibu. Nilitaka kupanda tena kumwangalia, mume wangu akasema, 'Mwache, huyo anatunzwa na mtoto wa Mwinjilisti, tusimwingilie.'"

Maneno hayo yalimwuma Yusta kuliko kofi. Kumbe si kwamba hakumsaidia Bibi tu. Kelele zake za asubuhi zilikuwa zimewazuia hata wale ambao wangekwenda.

"Nilikuwa namwita tu, mama," alisema akiinamisha kichwa. "Sikuwa naenda."

Mama Salama alimtazama kwa mshangao, lakini hakuwa na nafasi ya kugomba. "Nenda kwa Bakari, nyumba ile ya bati jipya. Mwambie alete machela. Kisha kwa Valentino. Haraka!"

Yusta alipiga hodi nyumba sita. Katika kila nyumba alisema jambo lilelile, Kiswahili na Kishambaa vikichanganyika, wala hakuna aliyemcheka. Wanaume waliacha majembe mashambani. Machela yalikuwa miti miwili na blanketi lililoshonwa katikati. Ndiyo gari la wagonjwa la watu wanaoishi mbali na barabara. Wanne walibeba na wanne wakafuata nyuma kuwapokea, wengine Wakristo na wengine Waislamu, wakipeana mabega kila walipofika kwenye kona ya mteremko. Yusta alifuata nyuma akiwa amebeba mfuko wenye kanga mbili za Bibi. Katikati ya kundi alimwona Babu Kornelio, koti lake likiwa na tope la shambani, bega lake chini ya mti wa machela. Babu alimtupia jicho, akaendelea kubeba.

Kabla jua halijazama, Bibi Mwanaidi alikuwa ndani ya gari, akipelekwa hospitali pamoja na Mama Salama.

Usiku ule babu na mjukuu walikula kimya kama kawaida. Lakini Yusta alisukuma sahani kando. Alieleza yote: salamu, daftari, vifaranga saba.

Babu aliweka kijiko chini. "Kesho utasimama kanisani?"

"Babu, nikisema ukweli wataniondoa kwenye kipaimara. Na Mama hatakuja. Hiyo ndiyo likizo pekee aliyoiomba."

Babu alichochea moto. "Bibi yako angekuwa hai, angejua la kusema," alisema hatimaye. "Mimi najua kulima tu. Najua kwamba karoti iliyooza ukiichanganya na nzima ndani ya tenga, zote zitaoza njiani. Siwezi kukuamulia. Lakini popote utakaposimama kesho, nitakuwa nimekaa benchi la mbele."

Babu Kornelio hakuwa amekaa benchi la mbele tangu mazishi ya mkewe.

Asubuhi, matangazo yalipokwisha, Mwinjilisti Timotheo alimwita. Habari za Bibi alikuwa amezisikia, lakini alidhani kwamba ni Yusta mwaminifu aliyemwokoa. "Mtoto huyu ndiye aliyemkuta," aliwaambia washarika kwa furaha. Yusta akasimama.

"Shikamooni," alisema. "Bibi Mwanaidi hakuwa na vifaranga. Nilidanganya. Na daftari langu nalo ni la uongo. Wiki tano nilisimama nyuma ya nyumba ya babu nikamwita tu. Majirani walinisikia wakadhani ninamtunza. Nilikwenda jana ili nihesabu vifaranga, nisije nikaaibika mbele yenu. Naomba mnisamehe, na mumwombee."

Mwinjilisti alisimama akiwa ameshika kitabu chake, uso umemwiva. Kisha akasema taratibu, "Tumwombee Bibi Mwanaidi. Na tumwombee Yusta. Na mimi mniombee, maana nilimsifu mtoto kwa daftari bila kumwuliza kama amechoka."

Mchungaji na wazee wa kanisa walikutana wiki ile. Walimsamehe, lakini waliamua kwamba Yusta asubiri kundi la mwaka ujao. Hakubisha. Babu alimpa simu ampigie mama yake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Yusta alisikia vyombo vikigongana nyuma yake, na mtu akimwita arudi jikoni.

"Umeniumiza," mama alisema. "Sitaki kukuficha. Gauni nimeshalishona." Kisha akavuta pumzi. "Lakini umeniambia mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Litunze neno hilo la kweli. Gauni nitalikunjua upindo, maana mwakani utakuwa umerefuka."

Bibi Mwanaidi alilazwa siku kumi na tisa. Katika siku hizo Yusta alivuka bonde kila alipotoka shule. Aling'oa majani uwanjani, akakandika upya ukuta wa jikoni uliokuwa umebomoka, akapanga kuni. Hakuandika popote. Siku ya tatu alimkuta Shukrani amekaa kwenye jiwe la mtoni akimsubiri.

"Nilisema nitakuja kuviona vifaranga," alisema Shukrani. "Havipo, basi nitabeba udongo."

Siku ya tano Alen naye alifika, akateleza kwenye tope la kukandikia, akakaa chini kwa kishindo. Wasichana walitazamana.

"Lifti," alisema Yusta.

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na Alen akacheka kuliko wao.

Jumapili ya kipaimara ilifika. Yusta alikaa karibu na babu, akiwa na gauni lake la kawaida la bluu. Wenzake walipita mbele wakiwa wamevaa nyeupe, mama zao wakipiga vigelegele, tarumbeta zikilia hadi madirisha yakatetemeka. Wengine walipopiga magoti kuwekewa mikono, Yusta alitazama sakafu. Kulikuwa na nafasi moja tupu pembeni mwa Shukrani, au pengine aliiona yeye peke yake. Upweke ulimrudia wote, kama ukungu. Babu aliweka mkono wake mgumu juu ya mkono wa Yusta, akauacha hapo mpaka wimbo wa mwisho.

Baada ya ibada watu walikwenda kwenye sherehe majumbani. Yusta alichukua kidumu chake akaanza kushuka bondeni, maana Bibi Mwanaidi alikuwa amerudishwa Ijumaa, na bado alitembea kwa mkongojo. Alipofika mtoni alisikia mtu akija nyuma yake kwa kusuasua. Alikuwa Mwinjilisti Timotheo, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Nipe hicho kidumu," alisema akihema. "Nimealikwa nyumba nane leo. Nimeona nianze na hii ambayo haikunialika."

Walikaa kwenye jiwe ili apumzike.

"Yusta, mwezi wa tisa uliniuliza swali. Nilikwambia uje uniulize tena."

"Siulizi tena, Mwinjilisti."

"Kwa nini?"

Yusta alifikiri. "Kwa sababu nikichelewa kufika huko juu, kuna mtu ambaye atakuwa hana maji."

Mwinjilisti aliitikia kwa kichwa. "Sikiliza, mwanangu. Nami nilijifunza jambo hili nikiwa nimeshakuwa mtu mzima. Wengi tunakaa kwenye mlima wetu tukimwuliza Mungu alituumba kwa kazi gani, na tunataka ajibu kwa sauti kubwa kutoka ng'ambo. Tunampenda Mungu kutoka mbali, na jirani kutoka mbali, kisha tunashangaa kwa nini moyo ni mtupu. Yesu hakutupenda hivyo. Alishuka. Aliingia nyumbani mwa watu, akaketi. Kusudi la maisha yako hulipati kwa kuliita. Unaliendea kwa miguu, na mara nyingi njia ina tope. Ukweli nao ni hivyohivyo. Ulikugharimu, lakini tazama, sasa tunaweza kukuamini bila daftari."

Waliinuka, wakapanda. Bibi Mwanaidi alikuwa amekaa nje juani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda.

"Shikamoo, Bibi," alisema Yusta.

"Marahaba. Wewe Mwinjilisti, nasikia leo ni sikukuu yenu. Huyu mbona hajavaa nyeupe?"

"Atavaa mwakani, Bibi."

"Na mama yake atakuja lini?"

"Mwakani," alijibu Yusta kwa sauti ndogo.

Bibi Mwanaidi alimchunguza kwa macho yale makali. Alisogeza mkongojo, akafuta vumbi kwenye mkeka kando yake.

"Basi tuna mwaka mzima wa kukufundisha Kishambaa," alisema. "Maana unachokisema sasa kinatia aibu. Njoo ukae hapa."

Yusta akaketi.